Ukurutu Ukilala, Usilale Nawe

Kopo la vaselini la gramu 250 hukaa muda gani nyumbani kwako? Nimewauliza swali hilo akina mama kadhaa hapa Kampala wenye watoto wadogo wanaojikuna, na jibu ninalolipata mara nyingi ni miezi miwili, pengine mitatu. Kwa mtoto mwenye ukurutu, kopo hilo lapaswa kwisha kwa wiki moja. Mwongozo wanaoufuata madaktari wa Uingereza unataja gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki kwa mtoto mmoja. Muuguzi aliponiambia hivyo mara ya kwanza nilimwomba arudie, nikidhani alikusudia kusema kwa mwezi.

Nimeanza na kopo kwa sababu ndilo lililoturudishia usingizi nyumbani. Mwanangu wa pili alianza kujikuna akiwa na miezi minne. Ilikuwa Julai, mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, na vumbi jekundu la barabara yetu ya murramu kule Kyanja limetua juu ya kila kitu. Mashavu yalitangulia, yakafuata viwiko kwa upande wa nje, kisha vifundo vya miguu. Nikazunguka. Duka la kwanza la dawa walinipa krimu ya fangasi, la pili dawa ya maji ya mzio, la tatu tyubu iliyosafisha ngozi kwa siku nne, halafu vipele vikarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Kila ngozi ilipotakata niliweka vyote kabatini nikashukuru Mungu. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea: ukurutu ulipolala, nami nililala. Yote nitakayoyasema hapa yanahusu siku zile tulivu, mtoto anapoonekana mzima, kwa sababu kinga hufanyika wakati huo.

Madaktari huita ekzema, kamusi zetu zinasema ukurutu, na Tanzania wengi husema pumu ya ngozi. Jina hilo la mwisho lina maana yake, maana mara nyingi katika ukoo wa mtoto yupo mwenye pumu ya kifua au anayepiga chafya asubuhi nzima. Ukurutu hauambukizi. Hausababishwi na damu chafu wala uchafu wa mama. Fikiria nyumba ya fito na udongo wakati wa kiangazi: udongo ukikauka hupasuka, unyevu wa ndani hutoka, na siafu hupata njia ya kuingia. Ngozi ya mtoto huyu iko hivyo. Maji yake hutoroka, na sabuni, vumbi, jasho na vijidudu huingia na kuamsha walinzi wa mwili, ndipo mwasho unapoanza. Akijikuna, nyufa zinapanuka. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, waligundua kwamba kwa Wazungu wengi wenye ukurutu kuna hitilafu katika jeni la protini iitwayo filagrini, inayosaidia kushikilia ukuta huo. Kwa Waafrika waliochunguzwa hitilafu hiyo imeonekana kwa nadra. Udhaifu wa ngozi zetu una mizizi mingine, ila kinachovuja ni kilekile, na kazi ya kukandika ukuta ni ileile.

Vitabu vingi vinamwambia mzazi atafute wekundu. Kwa mtoto mweusi wekundu huo huenda usiuone kabisa. Utaona rangi ya kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea, na mara nyingi vijipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Watoto wetu hupata hata upande wa nje wa viwiko na magoti, si kwenye mikunjo tu kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Kwa hiyo usitegemee macho. Kila jioni pitisha mgongo wa mkono wako juu ya mashavu, mgongo, viwiko na miguu ya mtoto. Mkono huhisi ukwaru kabla jicho halijaona kitu, na ukiugundua mapema unaongeza mafuta siku hiyohiyo. Madoa meupe au meusi yanayobaki baada ya ngozi kupona ni kumbukumbu ya ugonjwa uliopita. Yatafifia yenyewe kwa miezi. Tafadhali usiyapake chochote cha kung'arisha.

Sasa tuje kwenye beseni, maana makosa mengi huanzia humo.

Aliyezaliwa Buganda, au kuolewa huku kama mimi, anaijua kyogero. Mtoto mchanga huogeshwa kwa maji yaliyochemshiwa majani na mizizi, mengine ya kulainisha ngozi, mengine, kama lweza, ya kumwitia bahati. Bibi huyatafuta kijijini, au huenda kuyanunua soko la Owino. Mimi nimetoka Tanga, kwetu tuna liwa na mafuta ya nazi, na najua jinsi mila ya kumpokea mtoto ilivyo nzito moyoni. Lakini ngozi iliyopasuka haichagui: kila kilichomo ndani ya maji kinaingia. Majani mengine huwasha, na mchanganyiko uliokaa kwenye chungu siku tatu huwa na vijidudu vyake. Nyumbani kwetu tuliafikiana na mama mkwe, ambaye sote twamwita Jjajja, kwamba mwili wa mtoto uoge maji matupu, na kyogero iliyopikwa siku hiyohiyo na kuchujwa aimimine mwenyewe kwenye nyayo, mahali pasipokuwa na kidonda. Alikubali kwa sababu nilimwomba kwa adabu, nikiwa nimemshikisha mkono wake mwenyewe kwenye mgongo wa mjukuu ili ausikie ule ukwaru. Kama una Jjajja nyumbani, mshirikishe. Usipomshirikisha, utakapokwenda kazini kila kitu kitaendelea kama zamani.

Maji yawe ya uvuguvugu; yajaribu kwa kiwiko. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara moja kwa siku. Dodoki, au kyangwe kama wasemavyo Waganda, liwekwe mbali kabisa, kwani kumsugua mtoto huyu ni kubandua udongo ukutani. Dettol isitiwe majini, wala Jik. Sabuni ya mche ya kufulia isiguse ngozi yake. Sabuni isiyo na harufu ipite kwenye mikono, nyayo na sehemu za siri tu. Kwingine maji yanatosha, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja hana uchafu unaohitaji povu kifuani. Mafuta ya bei kubwa ya kutia ndani ya maji ya kuogea usiyanunue: utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2018, uliohusisha watoto 482, haukuona faida yake. Wengine hulaumu maji ya bomba. Maji yetu yanavutwa Ziwa Viktoria, na ni maji laini, hayana chumvichumvi nyingi. Hata huko Uingereza kwenye maji magumu, jaribio la 2011 la kufunga mitambo ya kulainisha maji majumbani mwa watoto 336 halikupunguza ukurutu.

Mtoto akitoka majini mgandamize taratibu kwa taulo, usimfute kwa nguvu. Akiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika chache, mpake. Ndiyo siri ya kopo: mafuta hayaongezi maji mwilini, huyazuia yaliyopo yasitoroke, na ukichelewa yatakuwa yameshatoroka. Paka kuelekea chini, jinsi vinyweleo vilivyolala, hadi ngozi ing'ae. Chota kwa kijiko safi badala ya kutumbukiza vidole, usije ukapanda vijidudu ndani ya kopo. Rudia asubuhi, na mchana ukiweza. Huo ndio mwendo wa gramu 250 kwa wiki, na ndio mwendo wa siku ambazo ngozi ni safi kabisa.

Mafuta gani? Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliolinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito kwa watoto 550, na hakuna aina iliyoishinda nyingine. Bora ni yale ambayo mtoto anayakubali na mfuko wako unaweza kuyanunua wiki baada ya wiki. Kwa wengi wetu hiyo ni vaselini isiyo na harufu. Angalia vizuri makopo yenye picha ya mtoto anayecheka: mengi yametiwa manukato na rangi, na manukato ndiyo tunayoyakimbia. Moo yaa, siagi ya mti wa shea inayotoka Lango na Acholi, ni mafuta mazuri ikiwa ni halisi na haikuchanganywa. Jaribu kwanza kidogo mkononi kwa siku mbili tatu. Jambo moja zaidi, na ni la hatari: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto upesi sana. Mtoto aliyepakwa asisogee kwenye sigiri wala mshumaa umeme unapokatika.

Samli, maziwa na mafuta ya karanga visipakwe kwenye ngozi iliyochubuka. Vitu hivi njia yake ni mdomoni. Wanasayansi wameona kwamba chakula kikiingia mwilini kwa kupitia ngozi iliyopasuka, walinzi wa mwili hujifunza kukiona ni adui. Kikiingia kwa kupitia tumbo, hujifunza kukivumilia. Jaribio la London lililochapishwa 2015 lilichukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, nusu yao wakalishwa vyakula vya karanga tangu uchanga, nusu wakanyimwa hadi miaka mitano. Mzio wa karanga ulipungua kwa takribani asilimia 80 kwa wale waliokula. Wazungu walikuwa wameshauriwa miaka mingi kuwaficha watoto karanga, wakati mtoto wa Uganda ananusa mchuzi wa binyebwa kabla hajaota jino.

Kwa hiyo nakusihi usianze kumfutia mtoto chakula kimoja kimoja. Nimeona mtoto wa jirani aliyekatazwa mayai, maziwa, samaki na karanga kwa ushauri wa watu wa kanisani, akabaki na uji wa mahindi na matoke. Ngozi haikupona, na uzito ulishuka. Ukurutu wa watoto wengi hausababishwi na chakula. Kinachotaka daktari ni chakula kinacholeta dalili upesi, ndani ya dakika au saa chache: midomo kuvimba, kutapika, mabaka ya mzio yaliyovimba, kifua kutoa mlio. Na kama mchanga ana ukurutu mkali, muulize daktari kabla ya kumwonjesha karanga kwa mara ya kwanza, kisha mpe iliyosagwa laini; punje nzima humpalia mtoto.

Sasa tugeukie vitambaa. Jijini hapa maji ya jerikeni yana thamani, bomba hukauka, na anayefua hubana matumizi wakati wa kusuuza. Povu linalobaki kwenye nguo hukauka humo, mtoto akitoa jasho linayeyuka upya juu ya ngozi yake mchana kutwa. Kwangu mimi, kusuuza mara mbili kwa maji safi kulileta tofauti kubwa kuliko sabuni yoyote niliyobadilisha. Bora upunguze unga wa sabuni ili maji uliyonayo yatoshe kusuuza. Nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi kama tulivyozoea, kwa sababu ya inzi wa embe anayetaga kwenye nguo mbichi. Kinachogusa ngozi kiwe pamba. Asubuhi ya Kampala ina baridi na saa saba ina joto, kwa hiyo mvike nguo mbili nyepesi zinazovulika badala ya sweta moja la poliesta, na usiku blanketi la manyoya lisimguse. Tandika shuka la pamba katikati. Jasho huamsha mwasho kama vumbi.

Vumbi lenyewe huwezi kulimaliza, ila waweza kulilaza. Deki kwa kitambaa kibichi kabla ya kufagia, hasa Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya ua na moshi wa mkaa vinakera ngozi na kifua pia. Sigiri iwashiwe nje. Makerere wana mradi wa AirQo, ulioanza 2015, unaopima hewa ya mitaa ya jiji, na siku ambazo hewa ni mbaya mimi hukatisha michezo ya barabarani na kumwogesha mtoto mapema.

Hapa niseme neno kwa mama mjamzito anayenisoma akiwa na hofu. Kumpaka mafuta mchanga asiye na ugonjwa hakukuonekana kumzuia kupata ukurutu. Watafiti wa Uingereza walifuatilia watoto 1,394 na kutangaza hivyo 2020. Mafuta hulinda ngozi ambayo tayari ni dhaifu. Asili ya ukurutu ina mafumbo mengi, na moja limegunduliwa jirani yetu Entebbe, ambako wajawazito wapatao 2,500 waliandikishwa katika utafiti kuanzia 2003. Mwaka 2011 Dkt. Harriet Mpairwe na wenzake walichapisha kwamba watoto wa waliopewa albendazoli wakati wa ujauzito walipata ukurutu zaidi kuliko wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Yaonekana minyoo ilikuwa ikituliza kinga ya mwili kwa namna fulani. Usikwepe dawa ya minyoo kwa ajili hiyo. Minyoo hunyonya damu, na daktari wako anapima faida na hasara. Nimelitaja ili mama aache kujilaumu kwa alichokula au alichokikanyaga.

Mafuta peke yake hayatoshi siku ukurutu unapoamka. Hapo inahitajika krimu ya steroidi, na hapa Kampala tunaikosea kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaoiogopa mno, wanapaka kidogo siku mbili na kuacha, moto unabaki chini ya majivu. Wapo wanaoitumia bila kujua: tyubu yenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, inauzwa dukani kama krimu ya kila kitu. Steroidi ya nguvu hizo ndiyo ileile baadhi ya watu hutumia kujichubua. Kwa mtoto, ikipakwa wiki nyingi, hukondesha ngozi, na ikiingia mwilini kwa wingi huweza kuzuia ukuaji wake.

Njia salama ni ya katikati. Daktari au mfamasia aliyesomea achague nguvu: haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa kawaida ndiyo ya uso wa mtoto. Andika jina la krimu hiyo kwenye daftari. Kipimo ni mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wake wa kwanza, karibu nusu gramu, unaotosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Usiipake kwa wakati mmoja na vaselini. Acha kama nusu saa katikati. Endelea mpaka mkono wako uhisi ulaini, si mpaka jicho liridhike. Na kama kuna mahali panaporudi kila mwezi, muulize daktari juu ya kupaka siku mbili tu kwa wiki mahali hapo hata pakiwa safi. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo, na inazuia kurudi vizuri sana. Piriton humlaza mtoto lakini haizimi mwasho wa ukurutu, kwa hiyo isiwe dawa ya kila usiku.

Kabla ya yote hayo hakikisha ni ukurutu kweli. Nyumba nzima ikijikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huo huenda ni upele wa kuambukiza, na steroidi itauficha tu. Duara lenye ukingo ulioinuka ni choa. Ngozi ikitoa majimaji na kufanya magamba ya rangi ya asali, bakteria wameingia. Kukiwa na homa na malengelenge yanayouma, au vishimo vidogo vya mviringo vinavyofanana, usingoje kesho: virusi vya vidonda vya mdomoni vikishika ngozi yenye ukurutu ni dharura, hivyo mtu mwenye kidonda cha namna hiyo asimbusu mtoto. Tangu mpox ilipoingia Uganda mwaka 2024 na kuenea hadi jijini, malengelenge mapya yenye homa yanahitaji uchunguzi, na ngozi iliyopasuka haina kinga dhidi yake. Hospitali ya Kiruddu ina kliniki ya ngozi. Msomaji wa kaskazini mwa Tanzania anayo hospitali ya KCMC ya Moshi, penye kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi tangu 1992.

Kucha zikatwe kila Jumapili na kulainishwa ncha. Usiku mwasho unapozidi, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa hutuliza kuliko kumfokea asijikune. Mfundishe kupapasa au kubonyeza mahali panapowasha.

Mwanangu sasa yuko chekechea, darasa la watoto wadogo. Siku ya kwanza nilikwenda na kopo dogo, nguo ya ndani ya pamba ya kubadilisha, na karatasi yenye mistari minne: apakwe baada ya kunawa, asikae juani akiwa na sweta, anawe kwa maji bila sabuni ya unga, na ugonjwa huu hauambukizi. Mwalimu alisoma mstari wa nne kwa sauti. Kisha akawaambia watoto washikane mikono kwa ajili ya wimbo, na aliyekuwa karibu na mwanangu akamshika ule mkono wenye madoa.